Nilimwomba baba mkwe ruhusa ya "kutoka na mama", safari ya posa ikasimamishwa

Wakuu, habari za majukumu. Wakubwa kwangu shikamooni, wadogo mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji tu. Napita, nacheka mikasa ya watu, nakwenda zangu. Leo zamu yangu imefika. Sitatia chumvi maana hii haihitaji, na wahusika wote wapo hai na wana simu, anayetaka kunisuta atanisuta.

Nijitambulishe kidogo. Ni mtumishi wa umma, nimehamia Dodoma na ofisi, naishi Ihumwa. Kwetu Tanga.

Hilo la Tanga linahusika, ndiyo maana nimelitaja mapema. Sisi watu wa Tanga tunaamini Kiswahili ni mali yetu na wengine mmekiazima tu. Ofisini mtu akikosea ngeli mimi ndiye namsahihisha, hata kama hajaniuliza. Kuna dada wa masjala aliwahi kuniambia nikifa nitamsahihisha hadi anayesoma wasifu wangu.

Basi hapa Dodoma nikampata binti, nimwite Rehema. Ni mwalimu, anafundisha shule moja kule Chamwino. Kwao ni wilaya ya Chemba, ndani ndani huko, na ni Wasandawe. Kwa msiowajua, lugha yao ina zile sauti za kugonga ulimi. Nimejaribu kuzitoa mbele ya kioo, nimeishia kujing'ata.

Tulikuwa tumefikia pazuri. Wazee wangu watoke Tanga mpaka Chemba, wajitambulishe, wapeleke posa. Mama yangu alishashona kabisa nguo ya safari na kila jirani ameonyeshwa.

Ila baba yake Rehema alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Alisema mama mtu atakuja kwanza Chamwino akae na binti yake siku chache, akirudi ndipo watatoa neno.

Aliyewahi kuoa anaelewa maana yake. Mama alikuwa anakuja kunikagua.

Sasa mkaguzi amefika, unampeleka wapi? Nikawaza sana. Kumpeleka kula tu naona kila mtu anafanya hivyo. Bahati nzuri jamaa mmoja wa ofisini ana mdogo wake chuoni, yupo kwenye kikundi cha maigizo. Wiki hiyo walikuwa na onyesho kwenye ukumbi mmoja mjini, mchezo wa jukwaani kabisa, siyo wa kwenye simu. Mama alikuwa hajawahi kuona mchezo wa jukwaani maisha yake yote. Nikasema hapo hapo.

Rehema akafurahi. Ila akaniambia, "Mama haendi mahali jioni bila baba kujua. Na usinitume mimi. Piga mwenyewe, atakuona kijana mwenye adabu."

Nikaona wazo zuri. Nikajiweka sawa, nikakohoa kidogo, nikapiga.

Nayaandika mazungumzo kama yalivyokuwa. Mtu wa Tanga huyu hapa:

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo baba. Nina ombi. Leo jioni naomba ruhusa yako nitoke na mama."

Nikasikia jogoo anawika upande wa pili.

"Mama yupi?"

"Mama Rehema."

"Mama Rehema huyu mke wangu?"

"Ndiyo baba."

Halafu akauliza taratibu sana, "Rehema analijua jambo hili?"

"Analijua baba, na amefurahi mno."

"Na mama mwenyewe amekubali?"

"Amekubali. Mwanzoni alisita kwa sababu hajawahi, tukamwambia asiwe na wasiwasi, atazoea."

"Mnakwenda wapi?"

"Kuna ukumbi pale mjini. Huwa wanazima taa wakianza, lakini nitakuwa karibu naye muda wote."

Mzee akasema, "Haya." Simu ikakatika.

Wakuu, najua mmeshaona. Mimi sikuona. Niliweka simu chini nikajipongeza, nikamwambia Rehema baba ametoa ruhusa, tena bila maswali mengi.

Hiyo "haya" ya mzee nayo ilikuwa na maana zake. Mimi nilichukua ile iliyonifaa.

Jioni nikawafuata Chamwino na kigari changu. Mama amevaa gauni zuri, kajifunga kanga mpya juu, kajipaka mafuta anang'aa. Mimi na yeye tulikuwa hatujazoeana. Kwao mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega, na hawaongei ovyo. Kwa hiyo yeye nyuma, Rehema mbele na mimi, na kila akitaka kuniambia kitu anampa Rehema anipe.

"Mwambie mwenzio aendeshe taratibu."

Nimesikia kwa masikio yangu, lakini nasubiri Rehema aniambie, ndipo napunguza mwendo. Ndiyo heshima yenyewe.

Ukumbini Rehema akakaa katikati. Akasimama kijana mmoja mbele, akaomba wote tuzime simu, siyo kuondoa mlio tu, kuzima. Watu wa pale wakali kwa hilo. Nikazima yangu, Rehema akazima yake, na ile ya mama ya kubonyeza akaizima pia. Simu zote tatu kimya.

Hilo nalo mliweke akilini.

Mchezo ulikuwa unahusu viwanja. Mnaijua Dodoma na viwanja. Kuna mzee mmoja tapeli kauza kiwanja kimoja chenye nyumba kwa familia mbili, na zote zinahamia siku moja, kila moja na magodoro yake. Sasa ile familia ya pili inafika, yule tapeli anajificha chini ya meza, na mwigizaji anasimama pembeni ya jukwaa anagonga.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Mama akaitikia kwa sauti ya nyumbani kabisa, "Karibu, pita ndani!"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Watu walicheka hadi mwigizaji mwenyewe akashindwa kujizuia. Yule kijana alikuwa na akili lakini, akageuka akamtazama mama, akainamisha kichwa, akasema, "Asante mama, tumekaribia." Akaendelea na mchezo wake.

Mimi nilitaka kupotea chini ya kiti. Nikajua mama ataona aibu, tutaondoka, na ukaguzi nimefeli. Nikachungulia. Mama wala. Kajiweka vizuri kwenye kiti, anasubiri hodi nyingine. Na ilipokuja nyingine, ukumbi mzima ukaitikia naye.

Kuna mahali bibi mmoja kwenye mchezo anakalia godoro lake anakataa kuhamishwa. Mama akampa moyo kutoka kwenye kiti, "Kaa hapo hapo dada, usiwaogope." Mpaka mwisho alikuwa anafuta machozi na pindo la kanga, na sikujua kama ni ya kicheko au ya kilio. Nadhani yalichanganyika.

Samahani wakuu, kulikuwa na kikao kidogo hapa. Naendelea.

Tulipotoka tukakaa sehemu moja jirani, mishikaki na soda. Hapo ndipo mama alipofunguka. Bado anaongea na mimi kupitia kwa Rehema, ila sasa Rehema hapati hata nafasi ya kupeleka ujumbe, maneno yanakuja tu.

"Muulize, hawa vijana wanaonyesha lini tena?"

"Muulize, Mtera ni mbali? Samaki wa Mtera nimewala miaka yote, maji yao sijayaona."

Nikamwambia Rehema amwambie kwamba Mtera ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, tunashuka njia ya Iringa, tunaliona bwawa, tunakula samaki wabichi, tunarudi. Tukaipanga pale pale. Kisha akataka treni ya mwendokasi, apande tu hata mpaka Morogoro, ajue wanaosema haitikisiki wanasema kweli. Kisha michoro ya mapangoni Kondoa, ambayo ipo karibu na kwao kuliko kwetu lakini hajawahi kufika, wanaofika ni wazungu.

Halafu akasema neno lililonipa raha mpaka vidoleni. "Na siku moja mkishakaa vizuri nyumbani kwenu, mtanipeleka Tanga nikaione bahari."

Nyumbani kwenu. Wakuu, nilijiona nimeshaoa.

Ndipo tukawasha simu.

Yangu ilitetemeka juu ya meza kama inataka kuanguka. Ya Rehema hivyo hivyo. Ya mama ikaanza kuita kabla hata haijamaliza kuwaka, ikakatika.

Ujumbe wa kwanza kwangu ulitoka kwa baba mdogo wake Rehema. "Kijana, tumekusikia. Unatoka na shemeji yetu na simu mmezima?"

Wa pili ulikuwa wa baba mwenyewe. Mfupi. "Wazee wako wasije."

Nikausoma mara nyingi. Rehema akaninyang'anya simu, akasoma, akaniangalia.

"Ulimwambiaje baba? Neno kwa neno."

Nikamwambia. Naomba nitoke na mama. Hajawahi. Atazoea. Wanazima taa. Nilipofika hapo kwenye taa nikajisikia mwenyewe, na jasho likanitoka wakati upepo wa Dodoma jioni mnaujua ulivyo baridi.

Kwa vijana wenzangu, kutoka ni kutoka tu, mtoko, mnakwenda kula upepo. Kwa mzee wa Chemba aliyejifunza Kiswahili akiwa mkubwa na anakisikiliza neno moja moja, kutoka na mwanamke ni jambo moja tu, kuwa naye kimapenzi. Na kusema kweli hata kwa Tanga ni hilo hilo. Mimi ndiye nilisahau.

Rehema alikuwa anakaribia kulia. Mama alikuwa anauliza kuna nini. Rehema akamweleza kwa lugha yao, kidogo kidogo, na mimi nimeinamisha uso nasubiri kupigwa na chupa ya soda.

Mama alicheka. Alicheka kuliko alivyocheka ukumbini, akashika meza, akashika ukuta, akaomba maji. Muuzaji wa mishikaki alikuja kuuliza kama mama yuko salama.

Kisha akampigia mumewe. Sikuelewa kitu, ni ulimi unagonga tu, ila katikati nilisikia neno moja la Kiswahili likirudiarudia. Kutoka. Kutoka. Kutoka.

Mzee huko hakuwa anacheka. Mama akaacha kucheka na yeye. Alipokata, akamgeukia Rehema, akamweleza, na Rehema akanieleza mimi.

Kumbe wakati napiga, mzee alikuwa amekaa na wadogo zake wawili wanaijadili ile posa. Alipoona ni mimi ninayepiga, akaiweka simu sauti ya nje ili wote wasikie mkwe wao mtarajiwa anavyoongea kwa adabu. Alitaka kujivunia mimi. Na mimi nikamwomba mke wake, mbele ya ndugu zake.

Mzee sasa ameelewa kwamba sikuwa na nia mbaya. Lakini ndugu wamesikia, na lililosemwa mbele ya watu haliondolewi kwenye simu na mke. Akasema Jumamosi nimrudishe mama mwenyewe, na nilirudie ombi langu mbele ya wale wale. Nikisema vizuri, wataangalia. Nikiharibu, nguo ya mama yangu abaki nayo Tanga.

Rehema hakulala vizuri siku zile, na mimi ndiyo usiseme. Nilimpenda huyu binti kwa muda mrefu kabla hajanipenda. Kumkosa kwa sababu ya kitenzi, mtu wa Tanga mimi, ningeiweka wapi sura yangu.

Jumamosi tukaondoka. Njia ya Kondoa lami safi, kisha tukaiacha lami, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Rehema ananifundisha njia nzima. "Sema kumpeleka. Usiseme kutoka. Hata ukitaka kwenda nje kidogo, usiseme unatoka." Nyuma mama anacheka peke yake, kimya kimya, mabega yanatikisika.

Tulifika. Nikapewa kigoda. Mzee mbele yangu, mrefu, mkavu, kavaa koti juu ya kanzu. Wadogo zake huku na huku. Huyu baba mdogo aliyenitumia ujumbe alikuwa anaangalia juu muda wote, na baadaye nilijua alikuwa anajizuia asicheke.

Baada ya salamu mzee akasema, "Sema ombi lako. Lile la siku ile."

Nikasema, "Baba, na baba zangu wadogo. Siku ile nilikuwa naomba ruhusa ya kumpeleka mama, pamoja na Rehema, tukaangalie onyesho mjini, kisha nimrudishe kwa binti yake."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Kwa hiyo hukutoka naye."

"Sikutoka naye baba. Nilimpeleka."

"Ulimpeleka na Rehema."

"Ndiyo baba."

Nikaanza kupumua. Ndipo akaniuliza, bila kubadilisha sauti, "Na Rehema je? Unatoka naye?"

Wakuu, kwa hilo swali nani alikuwa ameniandaa? Nikisema ndiyo, nimekiri mbele ya baba zake wote kwamba nachezea binti yao kabla ya ndoa. Nikisema hapana, sasa hapa nimefuata nini? Nikamtafuta Rehema kwa macho, kainama anachora chini na kidole cha mguu. Yule baba mdogo ameacha kuangalia juu, ananiangalia mimi.

Sijui lilitoka wapi, lakini lilitoka.

"Hapana baba. Rehema sitoki naye. Rehema nataka kuingia naye. Hapa hapa kwenu, kwa mlango wa mbele, na wazee wangu wakiwepo."

Kisha baba mdogo akapasuka. Alicheka akapiga goti, mwenzake akafuata, na ndani nikamsikia mama, maana kumbe alikuwa nyuma ya mlango anasikiliza.

Mzee hakucheka. Ila mdomo wake upande mmoja ulipanda. Akasema, "Waambie wazee wako waje."

Sina la kuongeza hapo. Nilitaka kulia na nilijizuia kwa sababu ya vumbi, ningetoka matope usoni.

Lakini uzi huu sikuuandikia hilo peke yake.

Wakati wa kuondoka mzee alinisindikiza mpaka kwenye gari, peke yetu. Akalizunguka gari, akapiga piga bodi kama anayekagua ng'ombe. Halafu akaniuliza huku anaangalia pembeni.

"Kule ukumbini. Alicheka?"

Nikamwambia alicheka sana. Nikamsimulia habari ya hodi, jinsi mama alivyoitikia na ukumbi mzima ukamfuata.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nimeishi naye tangu hatujapata Rehema. Sijampeleka mahali pa kucheka. Shamba, msiba, kliniki, basi." Akafuta vumbi kwenye kioo cha gari. "Siku ile ndugu zangu walikasirikia neno lako. Mimi nilikasirika kwa sababu nilisikia kwamba amekubali."

Wakuu, nikabaki nimeshika ufunguo.

Kisha akauliza hiyo safari ya Mtera anayoisema mkewe ni lini. Nikamwambia tulikuwa tumepanga baada ya posa, mimi, Rehema na mama.

Akasema, "Wewe leta gari. Huko Mtera natoka naye mimi."

Na safari hii alilisema hilo neno akijua kabisa anasema nini.

Basi ndiyo hivyo. Wazee wangu wameshakuja, posa imepokelewa, nguo ya mama imevaliwa na picha zimesambaa Tanga yote. Nilichojifunza ni kwamba ukiongea na wakwe usiongee kama unavyoongea na washkaji zako. Taja nani, taja wapi, taja nani mwingine atakuwepo, na habari za taa ziache kabisa. La pili, wazazi wetu wengi hakuna aliyewahi kuwapeleka popote zaidi ya hospitali, na wao kwa wao wanaona haya kuanza. Waanzishieni.

Mliowahi kuteleza ulimi mbele ya wakwe, mwagikeni hapa tucheke pamoja. Na mwenyeji wa Mtera aliyepo humu, naomba anielekeze sehemu ya kula samaki yenye kivuli, tulivu, ambapo watu wawili wazima wanaweza kukaa mbali kidogo na sisi wengine.